Usianze na valvu: kutafuta hitilafu katika Dynaco Stereo 70

Amplifaya ya valvu ikianza kuvuma, kukwaruza au kukata fyuzi, wengi hukimbilia kununua valvu mpya. Valvu zinaonekana, zinawaka, zinachomoka kwa mkono, kwa hiyo ni rahisi kuzishuku. Lakini katika amplifaya ya Dynaco Stereo 70 valvu mara nyingi ni majeruhi tu. Kilichoziumiza kiko chini ya chasi: kapasita iliyozeeka, rezista iliyohama thamani, au rektifaya (kinyoosha umeme) ndogo ya seleniamu ambayo hakuna aliyeigusa tangu amplifaya iundwe. Ukichomeka valvu mpya bila kukitafuta, nazo zitakufa, na safari hii zinaweza kuondoka na transfoma.

Stereo 70 ilitoka mwaka 1959 katika kampuni ya Dynaco ya David Hafler, mjini Philadelphia, Marekani. Inatoa wati 35 kila upande. Ina valvu saba: EL34 nne za kusukuma spika, 7199 mbili za kukuza mawimbi, na GZ34 moja ya kunyoosha umeme. Juu ya chasi kuna transfoma tatu nzito, moja ya umeme na mbili za spika. Hizo za spika ndizo zilizoijengea amplifaya hii jina. Hafler na mwenzake Herbert Keroes walieneza mwaka 1951 mpango wa ultralinia, ambao gridi ya pili ya valvu inaunganishwa kwenye koili ya transfoma, mahali fulani kati ya ncha ya anodi na kitovu cha koili hiyo, na transfoma za Stereo 70 zinafuata mpango huo. Kila hatua iliyo hapa chini ina lengo moja kubwa, kuzilinda transfoma hizo tatu. Vingine vyote hununuliwa tena bila maumivu makubwa.

Jambo jingine la kukumbuka: nyingi ziliuzwa kama vifurushi vya vipuri, mnunuzi akaziunga mwenyewe mezani kwake. Kwa hiyo usidhani kila kiungo cha lehemu unachokiona kilipita mikononi mwa fundi. Kuna waya zilizoshikiliwa na mazoea tu kwa miaka sitini.

Kabla ya kuwasha

Ndani ya chasi hii kuna volti 435 za umeme mnyoofu, na kapasita kubwa ya kopo hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Kabla ya kuingiza mkono, chomoa plagi, kisha unganisha rezista ya kiloomu 10 ya wati 5 kati ya mguu wa kapasita na chasi kwa waya zenye klipu zilizofunikwa. Hesabu sekunde kumi, halafu hakikisha kwa mita. Usitumie bisibisi kupiga shoti. Soketi mbili za miguu minane zilizo mbele ya chasi nazo si za mapambo. Ziliwekwa ili kulisha priamplifaya za Dynaco (mashine ndogo zinazoandaa sauti kabla ya amplifaya), na zina umeme mkubwa uleule. Watoto wakiwepo nyumbani, zifunike.

Kama mashine yako imetoka Marekani, inataka volti 117 hivi. Kwetu ukutani kuna 230 au 240, kwa hiyo unahitaji transfoma ya kushusha umeme, ile mafundi wanayoiita stepdauni, ya VA 500. Ndogo kuliko hapo itachemka. Angalia mambo mawili. Kwanza, stepdauni nyingi za bei nafuu zina koili moja tu, hivyo hazitengi amplifaya na umeme wa ukutani. Amplifaya yenyewe ilitoka na waya wa nyuzi mbili bila ethi. Weka waya wa nyuzi tatu, na ule wa ethi uufunge kwa boliti kwenye chasi, ufike hadi ethi ya ukutani. Pili, transfoma ya umeme ya mashine za Marekani ilitengenezwa kwa mizunguko 60 kwa sekunde, na hapa tuna 50, kwa hiyo itapata joto zaidi. Transfoma hii hata kwao ilijulikana kwa kupata joto. Iachie nafasi ya hewa pande zote.

Mashine iliyolala miaka mingi haichomekwi moja kwa moja. Funga balbu ya nyuzi ya wati 100 kwa mfululizo na waya wa umeme, kabla ya stepdauni. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, hali ni nzuri. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Wapo wanaopendelea kupandisha umeme polepole kwa transfoma ya kuzungusha. Hiyo haisaidii sana hapa, kwa sababu GZ34 haipitishi kitu mpaka hita yake (waya wa ndani unaoipasha valvu joto) ipate moto, na ikianza inaanza kwa ghafla. Na balbu hiyo inailinda mashine. Wewe haikulindi hata kidogo.

Fyuzi inakatika mara tu unapowasha

Fyuzi sahihi ni ya ampia 3, ya aina inayochelewa kukatika. Ukikuta ya ampia 10 au kipande cha waya, jua kwamba kuna mtu alishaona tatizo akaamua kulinyamazisha.

Chomoa valvu zote saba. Washa kupitia balbu. Ikiwaka kwa nguvu bila valvu hata moja, tatizo liko kwenye transfoma ya umeme, au kwenye waya zake, au rektifaya ya bayasi, yaani ya umeme hasi unaozizuia EL34, imepiga shoti. Tenga waya wa bayasi ujaribu tena. Kama bado, tenga na waya nyingine moja moja. Transfoma yenyewe iwe ya mwisho kuhukumiwa.

Balbu ikififia, rudisha EL34 na 7199 bila GZ34. Sasa hita tu ndizo zinazokula umeme, na balbu itaongeza mwanga kidogo. Kisha ondoa tena EL34, uweke GZ34. Balbu ikiwaka ghafla kwa nguvu hapa, ama GZ34 yenyewe imeungana ndani, ama kapasita ya kopo imekufa. Jaribio hili lifanye kwa sekunde chache tu: bila EL34 za kuubeba mzigo, umeme unapanda hadi karibu na volti 500, na kapasita ile imeandikwa 525.

Kapasita hiyo ina sehemu nne ndani ya kopo moja, mikrofaradi 30, 20, 20 na 20. Kama bado ni ya asili, ibadilishe hata kama inaonekana nzima. Wapo wanaoshawishika kuweka kubwa zaidi wakitumaini besi nzito. Sehemu ya kwanza inayopokea umeme kutoka GZ34 isizidi mikrofaradi 60, ndio ukomo uliowekwa na watengenezaji wa valvu hiyo. Ukizidisha, GZ34 itapiga cheche ndani kila unapowasha.

EL34 inakuwa nyekundu

Hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote, na inaonekana vizuri ukizima taa za chumba. Hita ya valvu kuwa ya rangi ya chungwa ni kawaida. Mwanga hafifu wa buluu unaocheza kwenye kioo nao ni kawaida. Lakini bamba la kijivu linalozunguka katikati ya valvu, yaani anodi, likianza kuwa jekundu, zima mara moja. Usisubiri wimbo uishe. Valvu inapitisha mkondo kupita kiasi, na mkondo huo unapita kwenye transfoma ya spika.

Chanzo karibu siku zote ni bayasi, umeme hasi unaoizuia EL34 isifunguke kabisa. Chomoa EL34 zote nne, washa, weka mita kati ya chasi na mguu namba 5 wa kila soketi. Unatarajia hasi 30 hadi hasi 40 hivi, kutegemea ulipoweka potenshiomita (kizungushio cha kurekebishia bayasi). Sasa soma majibu.

Soketi zote nne zikiwa na upungufu au sifuri, chanzo cha bayasi kimekufa. Hapo ndipo ile seleniamu inapohusika. Ing'oe, weka dayodi ya silikoni 1N4007 ukizingatia upande wake, na ubadilishe kapasita mbili za bayasi wakati huohuo. Silikoni hupoteza volti chache kuliko seleniamu, kwa hiyo bayasi itapanda kidogo na utairekebisha. Mimi hubadilisha vipuri hivi vitatu katika kila Stereo 70 bila kupima kwanza. Bei yake haifikii hata ya valvu moja, na valvu nne zinavitegemea.

Soketi mbili za upande mmoja zikiwa na tatizo na upande wa pili ni salama, angalia potenshiomita ya upande huo. Iliyochafuka inaweza kukata mguso kwa nukta moja, na nukta hiyo inatosha. Usihangaike kuisafisha, weka mpya.

Soketi moja tu ikiwa na namba iliyosogea kuelekea sifuri kuliko mwenzake, umempata mhalifu anayependa kujificha: kapasita ya mikrofaradi 0.1 inayopitisha mawimbi kutoka 7199. Inavujisha umeme chanya na kuila bayasi ya valvu moja. Ziko nne. Badilisha zote nne, kwa sababu zina umri mmoja, na chagua za filamu za volti 630.

Na ikiwa namba zote ni nzuri lakini valvu ileile moja bado inakuwa nyekundu? Sasa ndiyo, shuku valvu. Ihamishie soketi nyingine. Wekundu ukiifuata, valvu ni mbovu. Wekundu ukibaki na soketi, kaza vishikio vya mguu namba 5.

Kupima bayasi vizuri

Kiwanda kiliweka rezista ya omu 15.6 kila upande, inayopitisha mkondo wa EL34 mbili kwa pamoja, na kikaagiza usome volti 1.56. Hiyo ni miliampia 100, yaani 50 kwa kila valvu. Hesabu ni nzuri, lakini ina kasoro moja kubwa: huoni kila valvu peke yake. Moja inaweza kubeba 65 na nyingine 35, mita ikakuambia mambo ni shwari.

Ushauri wangu ni kuondoa rezista hizo mbili na kuweka nne za omu 10, zenye usahihi wa asilimia 1, moja kwa kila EL34 kwenye mguu namba 8. Halafu lenga volti 0.40 hadi 0.45, yaani miliampia 40 hadi 45. Kwa miliampia 50 anodi inachoma wati 20 na ushee, na kikomo cha EL34 ni 25. Inavumilika, lakini sijawahi kusikia faida ya sauti inayolingana na maisha ya valvu yanayopotea. Subiri dakika 20 baada ya kuwasha ndipo uweke namba ya mwisho. Kwa kuwa kuna potenshiomita moja kila upande, nunua EL34 zilizopimwa na kuoanishwa. Hapo sipunguzi gharama.

Mvumo

Kwanza jiulize mvumo unatoka wapi. Chomoa waya zote za kuingiza, piga shoti soketi za kuingiza kwa plagi iliyounganishwa ndani, sikiliza. Mvumo ukipotea, amplifaya yako haina kosa. Tafuta kwenye waya, priamplifaya au gramafoni.

Ukibaki, sikiliza noti yake. Kwetu umeme ni wa mizunguko 50, kwa hiyo mvumo una sauti mbili zinazowezekana. Wa mizunguko 100 uko karibu kabisa na waya wazi wa G wa gitaa la besi. Huo unatokana na umeme mnyoofu usiochujwa, yaani kapasita ya kopo. Wa 50 uko chini yake kwa oktavu nzima, unausikia kifuani kuliko masikioni. Huo unatokana na hita au kiungo kibovu cha ethi. Kagua mahali waya za ardhi zinapokutana na chasi. Katika miji ya pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa ya chumvi huingia chini ya boliti, na chasi inayong'aa kwa juu inakuwa na kutu palepale mguso unapohitajika. Fungua, kwangua, kaza upya kwa washa yenye meno.

Kuna mvumo wa tatu unaosumbua watu wengi, nao ni wa 100 pia, lakini kapasita ni mpya. EL34 mbili za upande mmoja husukuma na kuvuta kwa zamu, na mabaki ya mvumo hufutana ndani ya transfoma ya spika iwapo mikondo yake inalingana. Isipolingana, hayafutani. Zile rezista nne za omu 10 zitakuonyesha hilo kwa dakika moja.

Upande mmoja ni dhaifu au unakwaruza

Badilishana 7199 za kushoto na kulia. Hitilafu ikihama upande, ni valvu. Hapa kuna habari isiyopendeza: 7199 za asili zilikoma kutengenezwa zamani, na nzuri zilizobaki ni ghali. Valvu 6GH8A na 6U8A zinafanya kazi inayokaribiana, lakini mpangilio wa miguu ni tofauti. Usizichomeke moja kwa moja. Kuna adapta za kuziunganisha, na kuna bodi mpya kabisa zinazopokea valvu za kawaida. Anayetaka kuitunza Stereo 70 kama ilivyotoka kiwandani atumie adapta, kwa sababu siku akipata 7199 nzuri atairudisha bila kukata waya.

Hitilafu isipohama, geukia bodi. Ni ya kahawia, valvu za moto zimeikalia juu, na vinjia vya shaba karibu na soketi hupasuka au kubanduka. Washa, chukua kijiti kikavu cha mbao, gonga taratibu karibu na kila kiungo huku mkono mwingine ukiwa mgongoni. Kwenye ufa utasikia mkwaruzo. Rudia lehemu hapo, baada ya kuzima na kutoa chaji.

Kisha pima rezista umeme ukiwa umezimwa. Zile za zamani za kaboni hupanda thamani kwa miaka. Rezista mbili za kiloomu 47 kila upande ndizo muhimu kuliko zote, kwa sababu zinagawa wimbi katika nusu mbili zilizo kinyume. Zisipolingana, nusu moja inakuwa ndogo na sauti inachafuka inapopanda. Hapa usawa kati ya mbili hizo ni muhimu kuliko thamani kamili. Nunua sita, pima, chagua zinazokaribiana.

Inapiga yowe baada ya kutengenezwa

Ukibadilisha bodi au transfoma ya spika, kisha amplifaya ikapiga yowe kali, zima haraka. Waya mbili za anodi zimepishana. Mrejesho unaotoka kwenye terminali ya omu 16, ambao kazi yake ni kusahihisha, sasa unaongeza badala ya kupunguza. Badilishana waya mbili hizo kwenye mguu namba 3 wa EL34 za upande huo, pamoja na zile mbili za gridi ya pili zilizo mguu namba 4, ili kila moja ibaki na mwenzake.

Kimya, au sauti ndogo isiyo na kosa

Stereo 70 haina kitufe cha sauti. Inahitaji volti 1.3 kuingia ili itoe wati zake zote 35. Simu nyingi hazifiki hapo, kwa hiyo muziki wa simu ukisikika mdogo, usifungue chasi. Gramafoni ndiyo kabisa. Sindano hutoa milivolti chache tu na lazima ipite kwenye priamplifaya ya santuri. Angalia pia swichi ya mbele ya mono na stereo. Ikiwa mono, soketi mbili za kuingiza zimeunganishwa pamoja, na inafaa tu unapoleta waya mmoja. Swichi hiyo ikikaa miaka bila kuguswa, mguso wake huota oksidi na upande mmoja hupotea. Tone la dawa ya kusafishia swichi na kuisogeza mara nyingi humaliza shida.

Valvu yenye doa jeupe kama maziwa pale juu ambapo palikuwa na rangi ya fedha imeingiwa na hewa. Hiyo haina tiba.

Ikishapona

Usiiwashe kamwe bila spika. Transfoma isiyo na mzigo hujenga volti zinazotoboa insulisho yake. Spika ya omu 8 kwenye terminali ya 8, ya 4 kwenye 4. Kama spika yako ina omu 6, jaribu 4 na 8, chagua masikio yanapokubali, hakuna kitakachoharibika. Wati 35 zinatosha sebule kubwa kama spika ni nyepesi kusukumwa. Spika ndogo nzito za kisasa zitaifanya ionekane mvivu, na kosa halitakuwa lake.

Ilipo nguvu yake ni katikati: sauti ya mwimbaji, tarumbeta, gitaa la solo. Santuri za Morogoro Jazz au za OK Jazz, ambazo magitaa mawili matatu yanasokotana, zinafunguka hapa kwa namna ambayo kila gitaa unaliona lilipokaa. Santuri nyingi za wakati huo ni za mono. Kama priamplifaya yako ina kitufe cha mono, kibonyeze, na mikwaruzo mingi ya mfereji itapungua kwa sababu sehemu yake kubwa haifanani kati ya njia mbili za sindano.

Pima bayasi tena baada ya wiki ya kwanza ya valvu mpya, kisha kila baada ya miezi mitatu. Pima pia umeme wa hita ukiwa hapo. Unatakiwa kuwa 6.3, na ukizidi 6.9, stepdauni yako inatoa kingi mno, jambo linalotokea sana usiku wa manane umeme wa mtaa unapopanda. Stebilaiza ya kawaida kabla ya stepdauni inatatua hilo.